Hapana ya Mashine: Nilivyojifunza Akili Mnemba kwa Njia ya Mantiki

Mtu anayeanza kujifunza akili mnemba leo huanzia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano. Hupewa data, hupewa programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, hufunza modeli, na baada ya muda modeli huanza kujibu. Mara nyingi hujibu vizuri. Ila mwulize mwanafunzi huyo kwa nini mashine imejibu hivi na si vile, atakuonesha mamilioni ya namba ambazo hata yeye hawezi kuzisoma. Mimi niliingilia mlango mwingine, ambao wengi wanaudhani ulifungwa zamani: lugha ya Prolog na upangaji wa programu kwa mantiki. Naandika kwa sababu naamini mlango huo ungali bora kwa anayetaka kuelewa kabla ya kutumia, na kwa sababu ulinifungulia jambo ambalo sikulikuta katika somo lingine lolote la akili mnemba: mashine inamaanisha nini inapokujibu hapana.

Jambo hilo halieleweki bila kwanza kuiona Prolog ikifanya kazi, kwa hiyo twende taratibu.

Katika lugha nyingi za programu unaamuru: fanya hili, kisha lile, rudia, simama. Katika Prolog unaeleza. Unaandika mambo unayoyajua, unaandika kanuni zinazoyafungamanisha, halafu unauliza. Mfano ninaoupenda kuliko yote una mistari miwili tu, nao unaeleza maana ya kuunganisha orodha mbili:

unganisha([], L, L).
unganisha([K|M], L, [K|N]) :- unganisha(M, L, N).

Alama :- isome "iwapo". Maneno yanayoanza na herufi kubwa ni vigeu, yaani nafasi ambazo bado hazijajazwa. Mstari wa kwanza unasema kwamba orodha tupu ikiunganishwa na L, matokeo ni L yenyewe. Wa pili unasema kwamba orodha yenye kichwa K na mkia M, ikiunganishwa na L, huzaa orodha yenye kichwa kilekile K na mkia N, iwapo M ikiunganishwa na L huzaa N. Basi. Hakuna kingine kilichoandikwa.

Sasa uliza unganisha([a,b], [c], X) nayo itajibu kwamba X ni [a,b,c]. Hilo halishangazi. Geuza swali: unganisha(X, Y, [a,b,c]). Hapa unauliza ni orodha zipi mbili zikiungana huzaa [a,b,c]. Prolog inakupa jibu la kwanza, ukiomba jingine inakupa la pili, mpaka majibu manne yanakwisha: tupu na [a,b,c], [a] na [b,c], [a,b] na [c], [a,b,c] na tupu. Hakuna aliyeandika programu ya kukata orodha. Uliza unganisha(_, [X], [a,b,c]), ambapo alama _ ni kigeu usichojali thamani yake, na umepata kipengele cha mwisho cha orodha, vilevile bila mtu kuandika programu ya kutafuta cha mwisho. Mistari ni ileile miwili. Kinachobadilika ni upande unaouliza kutoka.

Nilikaa na mfano huu muda mrefu, na bado huwa naurudia ninapomfundisha mtu. Unaonesha kwamba ujuzi ukiandikwa kama maelezo ya mambo yalivyo, una matumizi mengi kuliko aliyeuandika alivyokusudia. Na hilo lilikuwa kwenye asili ya lugha yenyewe. Alain Colmerauer na Philippe Roussel walipoiunda Prolog huko Marseille mwaka 1972, walikuwa wakitafuta njia ya kuifanya kompyuta ielewe sentensi za Kifaransa. Sarufi iliyoandikwa kimantiki inaweza kuichambua sentensi uliyoipa, na kanuni zilezile, ukiziuliza kwa upande wa pili, zinaweza kuitunga. Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh, ndiye aliyeonesha kwa nini jambo hilo linawezekana: sentensi ya kimantiki ya umbo "A iwapo B na C" inaweza kusomwa kama tamko, na inaweza pia kusomwa kama utaratibu, kwamba ukitaka kuthibitisha A, thibitisha B kisha C.

Injini inayoendesha haya yote ni kuoanisha, wazo lililomo katika kazi ya Alan Robinson ya mwaka 1965 juu ya uthibitishaji wa kimashine. Unachukua semi mbili zenye vigeu na kuuliza: vigeu vijazwe nini ili semi hizi ziwe kitu kimoja? Prolog inalioanisha swali lako na kichwa cha kanuni, inageuza mwili wa kanuni kuwa maswali mapya, na kuendelea hivyo. Njia ikifungika, inarudi nyuma hadi pale ilipokuwa na chaguo lingine, inavifungua vigeu ilivyovijaza, na kujaribu tena. Anayejifunza awashe kifuatilizi, amri ya trace, aone kila lengo linavyoitwa, linavyofanikiwa, linavyorudiwa na linavyoshindwa. SWI-Prolog, aliyoianza Jan Wielemaker mwaka 1987 na ambayo hupatikana bure, inafanya kazi hiyo vizuri sana. Mimi ningemzuia mwanafunzi asiendelee mbele mpaka aweze kuuchora kwa mkono mti wa utafutaji wa swali dogo. Huko kuchora ndiko kujifunza akili mnemba, kwa sababu sehemu kubwa ya taaluma hii, kuanzia mchezo wa chesi hadi upangaji wa hatua za roboti, ni kutafuta ndani ya mti ambao hukua haraka kuliko mashine inavyoweza kuumaliza.

Na hapo ndipo mantiki safi inapokutana na gharama. Tazama kanuni hizi za kutafuta kama kuna njia kutoka sehemu moja hadi nyingine:

njia(X, Y) :- kiungo(X, Y).
njia(X, Y) :- njia(X, Z), kiungo(Z, Y).

Kimantiki hazina kasoro. Kuna njia kutoka X hadi Y ikiwa kuna kiungo cha moja kwa moja, au ikiwa kuna njia hadi Z na kiungo kutoka Z hadi Y. Lakini Prolog husoma kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia. Itatoa majibu yaliyopo, kisha, ukiomba zaidi, itauliza njia ili kujua njia ili kujua njia, bila kukoma, mpaka kumbukumbu iishe. Badilisha mpangilio wa mwili, weka kiungo(X, Z) kwanza na njia(Z, Y) baadaye, na tatizo linaondoka, maadamu viungo vyenyewe havizunguki. Vikizunguka, utahitaji mfumo unaokumbuka maswali uliyokwisha kuyauliza, na Prolog nyingi za sasa zina uwezo huo. Mwaka 1979 Kowalski aliliweka jambo hili katika mlinganyo: algorithimu, yaani utaratibu wa kutatua tatizo hatua kwa hatua, ni mantiki kujumlisha udhibiti. Mantiki ndiyo ujuzi, udhibiti ndio namna ya kuutumia. Kuwa na ujuzi sahihi hakukuhakikishii jibu, na nadhani ni vema mtu akalijua hilo mapema.

Udhibiti mzuri nao una uzuri wake. Chukua fumbo la Henry Dudeney la mwaka 1924, SEND + MORE = MONEY, ambapo kila herufi ni tarakimu tofauti na hakuna namba inayoanza na sifuri. Herufi ni nane, tarakimu ni kumi, kwa hiyo kuna namna 1,814,400 za kugawa. Unaweza kuzijaribu zote. Lakini Prolog yenye masharti ya namba kamili hufanya kwanza kazi ya kufikiri: inasambaza masharti kabla ya kubahatisha chochote. Kabla hata ya jaribio la kwanza imekwisha kujua kwamba M ni 1, S ni 9 na O ni 0, na kwamba E haiwezi kutoka nje ya 4 hadi 7. Kilichobaki ni kidogo, na jibu pekee ni 9567 + 1085 = 10652. Wanaopanga ratiba za wafanyakazi na mitihani kwa kompyuta hutumia wazo hilohilo kwa matatizo makubwa kuliko haya.

Sasa tufike kwenye hapana.

Tuseme unaandika programu ya kumsaidia daktari kuchagua dawa. Una orodha ya dawa, una kumbukumbu za mizio ya wagonjwa. Unaandika:

salama(D, M) :- dawa(D), \+ mzio(M, D).

Dawa D ni salama kwa mgonjwa M iwapo M hana mzio nayo. Inasomeka vizuri, na kwa mgonjwa ambaye historia yake imeandikwa kikamilifu inatoa jibu sahihi. Sasa mlete mgonjwa ambaye faili lake ni tupu. Amefika amezimia, hakuna ajuaye lolote juu yake. Prolog itatangaza kwamba dawa zote ni salama kwake. Mgonjwa asiyejulikana kabisa ndiye anayeonekana kuwa salama kuliko wote.

Sababu ni kwamba alama \+ haimaanishi "si kweli". Inamaanisha "nimejaribu kuthibitisha, nimeshindwa". Kushindwa kuthibitisha kumechukuliwa kuwa ni kukanusha. Mwaka 1978 Keith Clark alieleza ni katika hali gani kufanya hivyo kunakubalika kimantiki: ni pale tunapozisoma kanuni zetu kuwa ndizo maelezo yote ya jambo, pasipo na njia nyingine ya jambo hilo kuwa kweli nje ya tulizoandika. Mwaka uleule Raymond Reiter aliliita wazo linalokaribiana na hilo dhana ya ulimwengu uliofungwa. Kisichoandikwa hakipo.

Kwa mambo mengi dhana hiyo ni ya busara. Ratiba ya ndege isipoonesha safari ya saa tisa, safari ya saa tisa haipo, wala hakuna ratiba inayoorodhesha safari zisizokuwepo. Aliyeandaa ratiba ameahidi kwamba imekamilika. Faili la mgonjwa halikutoa ahadi hiyo. Kanuni mbili zenye umbo moja, zenye alama moja, na moja inaweza kuua.

Nilidhani nimelielewa somo: kukanusha kwa kushindwa ni hatari, liepukwe penye uzito. Kisha nikasoma kazi ya Marek Sergot, Kowalski na wenzao wa Imperial College London, waliyoichapisha mwaka 1986. Waliichukua sehemu kubwa ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 na kuiandika kwa mantiki, kifungu kwa kifungu, ili kompyuta iweze kusema nani ni raia na kwa kifungu kipi. Mapema kabisa katika sheria hiyo kuna kifungu kinachomhusu mtoto mchanga aliyetelekezwa na kuokotwa nchini. Hakuna ajuaye alizaliwa wapi wala na nani. Sheria inasema mtoto huyo ahesabiwe kuwa amezaliwa humo nchini, na mzazi mwenye hadhi inayompa mtoto uraia, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kwa ufupi wa Prolog, sehemu ya mahali pa kuzaliwa ingekuwa hivi:

amezaliwa_nchini(M) :- kichanga(M), ameokotwa_nchini(M), \+ imethibitika_vinginevyo(M).

Ni alama ileile. Kule kwenye dawa, kutojua kulimweka mgonjwa hatarini. Hapa kutojua kunamkinga mtoto. Waandishi wa sheria walijua kabisa kwamba habari hazipo na pengine hazitapatikana kamwe, wakaamua kwamba ukosefu huo usimwangukie mtoto. Anayetaka kumnyima uraia ndiye alete ushahidi. Wanasheria huuita mzigo wa kuthibitisha, na katika Prolog mzigo huo unauona kwa macho: ni mahali alama \+ ilipowekwa, na ni neno gani lililowekwa mbele yake.

Angalia pia kinachotokea ushahidi mpya ukija. Ikiandikwa leo kwamba mtoto alizaliwa kwingine, hitimisho la jana linaondoka. Katika mantiki ya kawaida ya hisabati jambo hilo haliwezekani. Kilichokwisha kuthibitishwa hakifutwi kwa kuongeza hoja mpya. Akili ya kila siku haiko hivyo, tunahitimisha kwa tulichonacho na kurekebisha tukijua zaidi, na watafiti wa akili mnemba walitumia miaka mingi, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1970, kutafuta mantiki inayokubali kurudi nyuma bila kusambaratika. Mimi nililiona tatizo zima ndani ya kanuni mbili za mstari mmojammoja.

Nikishayaona hayo siwezi tena kuitazama modeli ya takwimu kwa macho ya zamani. Nayo hukutana na nafasi tupu kwenye data. Mara nafasi hiyo hujazwa wastani wa wengine, mara huwekwa sifuri, mara rekodi nzima hutupwa. Kila moja ya njia hizo ni uamuzi juu ya nani abebe mzigo wa kutojulikana. Uamuzi hufanywa mapema, kwenye hatua ya kusafisha data, mara nyingi na mtu anayedhani anafanya usafi tu, kisha huyeyukia ndani ya namba ambamo hakuna atakayeuona tena. Modeli kubwa za lugha zina namna yao: ukimya kwenye data ziliyofunzwa nayo unaweza kujazwa na sentensi inayosikika vizuri. Jibu linakuja limejaa hakika, hata pale ambapo chini yake hamna kitu.

Kwenye mantiki, jibu huja na njia yake. MYCIN, mfumo wa Stanford wa miaka ya 1970 uliotengenezwa kushauri juu ya maambukizi ya damu, uliandikwa kwa Lisp, lugha nyingine ya programu, lakini ulifanya kazi kwa kufuata kanuni kurudi nyuma kutoka kwenye lengo, kama Prolog. Daktari aliweza kuuuliza kwa nini unataka kujua jambo fulani, na umefikiaje hitimisho fulani, nao ukamwonesha kanuni iliyotumika. Haukuwahi kuingia katika matumizi ya kawaida hospitalini. Ila uwezo ule wa kujieleza ungali ndio kipimo ninachokitumia. Na katika Prolog kuujenga si kazi kubwa. Kwa kanuni za kawaida, hii inatosha:

thibitisha(true, ukweli).
thibitisha((A, B), (TA, TB)) :- thibitisha(A, TA), thibitisha(B, TB).
thibitisha(A, A-T) :- A \= true, A \= (_, _), clause(A, Mwili), thibitisha(Mwili, T).

Hiyo ni Prolog iliyoandikwa kwa Prolog. Inathibitisha lengo kama injini yenyewe ifanyavyo, na pamoja na jibu inarudisha mti wa uthibitisho: hili kwa sababu ya hili, na hili kwa sababu ni ukweli ulioandikwa. Mwanafunzi akiielewa mistari hii mitatu ameielewa injini, na anaweza kuibadilisha atakavyo, ihesabu hatua, ikomee kina fulani, ibebe kiwango cha uhakika.

Sisemi kwamba mantiki inatosha. Japani ilianzisha mwaka 1982 mradi mkubwa wa taifa wa kompyuta za kizazi cha tano, upangaji wa programu kwa mantiki ukiwa kitovu chake, na ulipofungwa miaka kama kumi baadaye mashine zilizotarajiwa kubadilisha dunia hazikuwa zimeibadilisha. Ujuzi wa binadamu haukubali kirahisi kuandikwa wote kwa mkono. Kanuni za kutambua uso wa mtu kwenye picha ni ngumu mno kuziandika kwa mkono, na mitandao ya neva hulifanya hilo vizuri mno. Kinachonipa moyo ni pale pande mbili zinapokutana. AlphaGeometry ya Google DeepMind, iliyotangazwa mwaka 2024, ilitatua maswali 25 kati ya 30 ya jiometri ya kiwango cha olimpiadi ya kimataifa ya hisabati. Modeli ya lugha ilipendekeza mistari na nukta za kuongeza kwenye mchoro, na injini ya mantiki ikathibitisha kila hatua. Ubahatishaji wa modeli ulipita kwenye mlango wa uthibitisho kabla ya kuitwa jibu.

Kwa anayetaka kuendelea baada ya Prolog, ushauri wangu ni mmoja: nenda kwenye upangaji wa programu kwa seti za majibu, uliokua kutoka kwenye kazi ya Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz ya mwaka 1988. Humo hapana ziko mbili, kila moja na alama yake. Alama ya kutoa inasema jambo limejulikana kuwa si kweli. Neno not linasema jambo halijathibitika. Mfano wa dawa unaandikwa upya hivi:

salama(D, M) :- dawa(D), mgonjwa(M), -mzio(M, D).
uliza(D, M) :- dawa(D), mgonjwa(M), not mzio(M, D), not -mzio(M, D).

Kanuni ya kwanza sasa inadai ushahidi kwamba mzio haupo. Ya pili inashughulikia yule aliyefika amezimia: haijathibitika kwamba ana mzio, haijathibitika kwamba hana, kwa hiyo jina lake na la dawa vinaingia kwenye orodha ya mambo ya kuulizwa kabla sindano haijajazwa.